Ng'ombe, Fedha au Mtoto: Filamu Mbili za Askari Watoto

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam baada ya onyesho la filamu Beasts of No Nation

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, ndugu zangu wote habari za jioni. Asanteni kwa kubaki. Filamu yenyewe imekula saa mbili na robo, joto la humu ndani mnalijua, na foleni ya Barabara ya Bagamoyo inawasubiri baadhi yenu. Nitajitahidi nisiwachoshe.

Kwenye barua ya mwaliko niliombwa niizungumzie filamu hii "kama chombo cha kuhamasisha amani". Mtaniwia radhi. Sijawahi kukutana na mtu aliyeweka silaha chini kwa sababu ya filamu. Nitakachofanya ni kuiweka hii mliyoiona kando ya filamu nyingine, fupi, isiyo na mwigizaji hata mmoja, ambayo ilichangia kumweka mtu gerezani miaka 14. Zikishakaa pamoja mtaona ninalolilalamikia.

Nianze na ya leo, haraka haraka kwa wale waliochelewa. Ilitoka Oktoba 2015. Mwongozaji ni Mmarekani, Cary Joji Fukunaga, na kamera aliishika yeye mwenyewe. Hadithi ameichota kwenye riwaya ya Uzodinma Iweala ya mwaka 2005. Upigaji ulifanyika Ghana. Netflix waliinunua kwa kiasi kinachotajwa kuwa takriban dola milioni 12, wakaitoa kama filamu yao ndefu ya kwanza ya kubuni, na kampuni kubwa za sinema za Marekani zikanuna zikakataa kuionyesha kwa sababu ilitoka mtandaoni siku ileile. Aliyecheza Agu ni Abraham Attah, mtoto wa Ghana ambaye hakuwahi kuigiza kabla ya hapo, na mwaka huohuo kule Venice alipewa tuzo ya mwigizaji chipukizi. Kamanda ni Idris Elba. Huyo hahitaji kutambulishwa. Nilisikia minong'ono safu za mbele alipotokea, na wahusika sitawataja.

Sasa, lipo jambo ambalo filamu hii imelifanya vizuri kuliko nyingine za aina yake nilizopata kutazama, nalo linaanza mwanzoni kabisa. Mnawakumbuka wale watoto na televisheni iliyotolewa kioo na nyaya ikabaki fremu tupu. Wanaitembeza wakitafuta mnunuzi. Mteja akichungulia kwenye lile tundu, watoto wenyewe wanaigiza upande wa pili, mara ngoma, mara ngumi za Kichina, mpaka mmoja anachomoa kichwa nje ya fremu ili mteja aone picha inamfuata hadi puani. Askari wa Nigeria wa ECOMOG, walinda amani wa Afrika Magharibi, anacheka, watoto wanaondoka na chakula. Yaani kabla hata risasi haijalia tumeshajulishwa kwamba hawa wanajua biashara, wanajua maigizo, na wanajua mtu mzima anapenda kuona nini. Baadaye Kamanda atawahitaji kwa sababu hizohizo. Mtoto aliyeweza kumwigizia askari mgeni ngumi atamwigizia mkubwa wake mpya ukatili, na itafika siku atakuwa hajui tena maigizo yaliishia wapi.

Watu hudhani mtoto anageuzwa askari kwa kiboko na unga. Vyote vipo, na filamu haivifichi. Lakini tazameni mpangilio. Baba na kaka wa Agu wanauawa na jeshi la serikali, si na Kamanda. Mama ameshapanda gari na wadogo kuelekea mji mkuu. Mtoto anakimbilia porini, anashinda na njaa, ndipo anakamatwa. Msaidizi wa Kamanda anamwona kuwa si kitu, ni kitoto tu. Kamanda anamkatalia: kitoto kina macho ya kuona, kina mikono ya kukaba, kina vidole vya kuvuta kifyatulio. Kwa masikio ya mtu mzima hayo ni matusi makubwa kwa ubinadamu. Kwa masikio ya mtoto aliyeona baba yake akiuawa, hiyo ni mara ya kwanza tangu siku ile mtu kumwambia kwamba ana thamani. Kinachofuata mnakijua: nyimbo, jando la uongo, cheo, rafiki mpya ambaye hasemi neno. Anajengewa ukoo mwingine mahali palipobomolewa ule wa kwanza. Na siku ya kuua mara ya kwanza, panga linawekwa mkononi mwake na kuambiwa kwamba yule mtu aliyepiga magoti, anayesema yeye ni mwanafunzi tu, ni wa wale waliomuua baba yake.

Nilibahatika kuitazama mara nyingine kwenye kibanda umiza kimoja huko Tandale, ile ya kutafsiriwa, sauti ya mtafsiri inafunika ya waigizaji, mabenchi yamejaa vijana wadogo kabisa ambao kwa haki walitakiwa wawe shule. Kwenye shambulio la msafara darajani walishangilia, wengine wakasimama. Kwenye kifo cha yule mwanafunzi kibanda kikatulia. Halafu kijana mmoja mbele, hata hakugeuka, akasema: "Asingemkata yeye, angekatwa yeye." Hakuna aliyembishia. Mtafsiri naye, ambaye muda wote alikuwa anatia vichekesho vyake, hapo aliacha filamu ijisemee.

Nimewasimulia hayo kwa sababu kijana yule aliligusa jambo ambalo wanasheria wamelihangaikia kwa miaka. Nitalirudia. Kwanza niseme linaloniudhi.

Linaloniudhi ni kwamba hii nchi haina jina. Hatuambiwi ni wapi, hatuambiwi mwaka gani, hatuambiwi bunduki zilitoka kwa nani. Wapo wanaosema hiyo ndiyo nguvu yake, maana inaweza kuwa popote. Mimi naona popote ni mahali pazuri pa kujificha. Tena filamu yenyewe imeshindwa kuificha nchi vizuri, kwa sababu ECOMOG lilikuwa jeshi la kweli la jumuiya ya Afrika Magharibi, lililoingia Liberia mwaka 1990 na baadaye likapigana Sierra Leone. Kwa hiyo tuna jeshi la kweli ndani ya nchi ya kubuni. Walinda amani wamepewa jina, wauaji wamenyimwa.

Na ukishaondoa jina unaondoa deni. Sierra Leone ina jina, ndiyo maana mwaka 2007 mahakama maalumu ya kule Freetown iliweza kuwatia hatiani viongozi watatu wa AFRC, kundi la wanajeshi walioasi, na hao wakawa watu wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kuandikisha watoto vitani. Ndiyo maana pia Charles Taylor, aliyekuwa rais wa Liberia jirani, anatumikia miaka 50 kwa maovu ya vita hiyohiyo ya Sierra Leone. Nani atumikie kwa ajili ya Agu? Yule mkubwa wa mjini, Dada Goodblood, aliyemweka Kamanda kwenye viti vya kungojea mpaka akanyong'onyea? (Niliona mlivyocheka hapo. Kila aliyewahi kuambiwa "rudi kesho" na katibu muhtasi alimhurumia muuaji kwa dakika mbili. Fukunaga ni fundi.) Goodblood ni jina la katuni, halishtakiki popote.

Sasa nije kwenye filamu ya pili.

Tarehe 12 Februari 2003, Thomas Lubanga, rais wa kundi lenye silaha la UPC, alikwenda kutembelea kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na mji wa Bunia, huko Ituri, mashariki ya Kongo. Amevaa magwanda. Anao wakubwa wa jeshi lake, akiwemo Bosco Ntaganda. Kamera inawafuata, na hakuna anayeizuia. Ni ziara ya kiongozi, kama tunazoziona kwenye taarifa ya habari kila siku. Anasimama mbele ya makuruta, anawahutubia, anawatia moyo wamalize mafunzo. Basi. Hakuna damu humo, hakuna panga, hakuna anayelia. Ukiiona bila kuambiwa chochote unaweza kudhani ni mkuu wa wilaya amekagua mgambo. Ila ukitazama nyuso za waliopanga mstari, wengine ni watoto wa darasa la nne, la tano.

Angalieni na tarehe. Mwaka mmoja kamili kabla, 12 Februari 2002, ndipo ilipoanza kutumika Itifaki ya Mkataba wa Haki za Mtoto inayopiga marufuku makundi ya waasi kuandikisha yeyote wa chini ya miaka 18. Siku hiyo ndiyo dunia inaiadhimisha kila mwaka kupinga utumikishwaji wa watoto vitani. Lubanga aliyapokea maadhimisho ya kwanza akiwa Rwampara.

Kesi yake ilifunguliwa The Hague tarehe 26 Januari 2009, ya kwanza kabisa katika historia ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Shahidi wa kwanza alikuwa kijana aliyesemekana kuwa aliwahi kuwa askari mtoto. Mlikuwa mnatazamia nini? Alianza kusimulia jinsi alivyochukuliwa akitoka shule, na siku hiyohiyo, baada ya mapumziko, akageuka akasema maneno yale alifundishwa na watu wa shirika fulani. Wiki mbili baadaye alirudi akasimulia tena habari ya kuchukuliwa. Mwisho wa kesi majaji waliona hawawezi kuutegemea ushahidi wake, wala wa karibu wote wengine walioletwa kama waliokuwa askari watoto, kwa sababu wapelelezi wa mwendesha mashtaka waliwaachia kazi mno watu wa kati wa kule kijijini, na baadhi ya hao wa kati walikuwa na lao jambo.

Linganisheni na Agu. Kwenye filamu anakaa mbele ya mwanamke mmoja mwenye upole, bahari inaonekana dirishani, anaeleza kwa maneno yaliyopangika kabisa kwa nini hataki kueleza. Ni mahali pazuri sana pa kuigiza, na Attah ameigiza vizuri hata mimi koo lilinikauka. Lakini mtoto wa kweli aliyesimamishwa The Hague, mbele ya majaji watatu waliovaa majoho, wakalimani wa Kiswahili cha Kongo wapo vibandani, na yule aliyekuwa rais wake amekaa chumba hichohicho anamtazama, huyo hana maneno yaliyopangika. Anasema hili asubuhi, anasema lile jioni. Wale tuliowahi kumpeleka mtoto polisi kutoa maelezo tunajua.

Kwa hiyo kesi ilisimama juu ya nini? Pamoja na ushahidi wa watu wazima waliokuwa karibu na mambo yale, ilisimama juu ya picha. Mkataba wa Roma, ulioianzisha mahakama hiyo, unaweka mpaka miaka 15. Ituri hapakuwa na vyeti vya kuzaliwa vya kutegemewa, na vipimo vya mifupa na meno haviwezi kukwambia huyu ana 14 au 16. Majaji wakaamua kutumia macho yao kwa tahadhari: aliye karibu na mpaka wakamwacha, wakahesabu tu wale ambao kila mwenye akili zake angesema bila kubishana kwamba huyu hajafika 15. Wakawaona hao kwenye video ya Rwampara. Wakawaona hata miongoni mwa walinzi wa Lubanga mwenyewe. Machi 2012 wakamtia hatiani, Julai wakampa miaka 14.

Msije mkadhani picha haibishiwi. Wakati wa rufaa utetezi uliwaleta watu wawili waliosema: sisi ndio wale mnaotuona kwenye mkanda wa Rwampara, na siku ile umri wetu ulikuwa umevuka. Majaji wa rufaa, Desemba 2014, hawakubadilisha hukumu. Mimi kama mtu wa picha nalala macho kwa ajili ya hilo. Tunawafundisha wanafunzi kwamba uso hausemi umri, kwamba taa na pembe ya kamera vinaweza kumzeesha mtoto au kumrudisha utotoni mzee. Hapa sura kwenye mkanda zimebeba uzito wa hukumu. Naamini majaji walikuwa sahihi, kwa sababu nyuso zenyewe zipo na si za kubahatisha. Ila nimeamini baada ya kupinga sana.

Na sasa lile ambalo filamu ya leo haikuthubutu kuligusa. Umoja wa Mataifa, kwenye taarifa yao maalumu kuhusu Ituri, waliandika kwamba Lubanga alizitaka familia zote zilizokuwa chini ya himaya yake zichangie vita: ng'ombe, fedha au mtoto.

Ngoja nilirudie polepole kwa wale wa nyuma, maana naona kipaza sauti kinakatakata. Ng'ombe. Fedha. Au mtoto. Vitu vitatu kwenye mstari mmoja, chagua kimoja.

Ituri palikuwa na ugomvi wa makabila mawili, Wahema na Walendu, uliotokana na ardhi, ugomvi wa miaka mingi, na tangu 1999 ukawa vita ya kuchomeana vijiji. Nyuma yake kulikuwa na dhahabu ya Mongbwalu na majeshi ya jirani. Nikisema majeshi ya jirani simung'unyi maneno: tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitamka kwamba jeshi la Uganda, pale Kongo, lilitoa mafunzo kwa askari watoto na kuchochea mgogoro wa kikabila, na Februari 2022 ikaiamuru Uganda ilipe dola milioni 325. Katika hali hiyo mzee wa Kihema anaona Walendu wamechoma kijiji cha pili, anajua cha tatu ni chake, na hapo anakuja mjumbe wa Lubanga anadai mchango. Ng'ombe ndiye posho ya nyumba, ndiye mahari ya mwanawe mkubwa. Fedha hana. Watoto anao sita.

Wengi walitekwa, hilo halina ubishi. Walikamatwa njiani na sokoni. Lakini wengine walipelekwa kambini na wazazi wao kwa mkono, tena wazazi waliowapenda, wakiamini ndiyo njia pekee ya kijiji kubaki kimesimama. Na wengine walikwenda wenyewe, kwa kulipiza kisasi au kwa njaa. Agu kapewa usafi ambao watoto wengi wa kweli hawakupewa. Baba yake ni mwalimu, mtu mwema, anauawa akiwa hana hatia; mtoto anakamatwa akiwa peke yake; hapo mtazamaji anajua amwonee nani huruma na amchukie nani. Hebu fikirini ile filamu ingeanza na baba huyohuyo, mwema vilevile, anamshika Agu mkono alfajiri kumpeleka kwa Kamanda. Tungekuwa tumekaa hapa tunatazamana bila neno. Sidhani Netflix wangetoa hata milioni mbili.

Niseme na habari ya wasichana, kwa ufupi, kwa kuwa filamu nayo imewapa ufupi. Wapo kama mama, dada, mwanamke wa danguro. Msichana askari karibu hayupo. Kambi za Ituri zilikuwa nao: wanabeba silaha, wanapika, wanalinda, na usiku wanafanywa wake. Katika kesi ya Lubanga mwendesha mashtaka hakuwashtakia hilo. Jaji Elizabeth Odio Benito wa Costa Rica ndiye aliyeandika maoni yake tofauti, akasema ukatili wa kingono dhidi ya watoto ndani ya kundi lao wenyewe ni sehemu ya kuwatumia vitani, na mahakama isingetakiwa kuupita. Ilibidi kungojea hukumu ya Ntaganda, Julai 2019, ndipo kamanda akatiwa hatiani kwa ubakaji na utumwa wa kingono dhidi ya watoto wa jeshi lake mwenyewe. Alipewa miaka 30. Fukunaga aligusa upande wa wavulana, ile usiku Kamanda anamwita Agu chumbani. Aliigusa kwa staha na kwa ujasiri, na nampa heshima yake, kwa sababu hilo ni jambo ambalo hata humu ukumbini tunalizungumza kwa kuangalia chini.

Narudi kwa kijana wa Tandale. "Asingemkata yeye, angekatwa yeye." Sawa. Kwa mtoto kama Agu hakuna mahakama itakayombishia; hata Freetown mwendesha mashtaka alitangaza mapema kwamba hatamshtaki mtoto. Lakini filamu inamwacha Agu ufukweni akiwa bado mtoto. Je, kama asingeokolewa? Yupo mtu ambaye hakuokolewa, anaitwa Dominic Ongwen. Alitekwa na waasi wa LRA kaskazini mwa Uganda akiwa na miaka kama 9, akielekea shule. Alipigwa, alilazimishwa kuua, alipanda cheo, akawa kamanda wa brigedi, akawa anateka watoto wa wenzake kama alivyotekwa yeye. Februari 2021 alitiwa hatiani kwa makosa 61. Majaji walikubali kwamba utoto wake uliharibiwa, na hilo likampunguzia adhabu. Bila hilo pengine ingekuwa kifungo cha maisha. Walimpa miaka 25. Watu wa vijiji vilivyochomwa walisema ni kidogo. Wengine hukohuko, pamoja na wazazi ambao watoto wao hawajarudi mpaka leo, walisema huyu naye ni mtoto wetu, mrudisheni nyumbani. Mimi nikiulizwa nasema miaka 25 ilikuwa haki, na sina raha ninaposema hivyo.

Kamanda wa Idris Elba alikuwa nani akiwa na miaka 9? Filamu haiulizi. Ndiyo maana tunaweza kumfurahia.

Kuna dada aliniuliza wakati wa chai: haya ya Kongo na Afrika Magharibi yanatuhusu nini sisi wa Dar? Dada, Laurent Kabila aliishi katika mji huu miaka na miaka, mwanawe Joseph kasoma hapahapa. Alipoondoka kwenda kuongoza vita vya 1996 na 1997, jeshi lake lilijaa watoto ambao Kongo nzima iliwaita kadogo, na tarehe 17 Mei 1997 waliingia Kinshasa kwa miguu wakiwa na mabuti makubwa kuliko wao. Miaka isiyofika minne baadaye, Januari 2001, alipigwa risasi na mlinzi wake, anayesimuliwa kuwa ni mmoja wa haohao. Mwaka 2013 vijana wetu wa JWTZ walikwenda Kivu kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa kupigana na waasi wa M23, chini ya kamanda Mtanzania, Jenerali James Mwakibolwa. Desemba 2017 tulizika wenzetu zaidi ya kumi waliouawa kwa shambulio moja huko Semuliki, na walioshambulia ni kundi linalojulikana kwa kuingiza watoto vitani. Jiulizeni mlinda amani wa Kitanzania anafanya nini akimwona mtoto wa miaka 12 na bunduki ameielekeza kwake, na mtoto huyo anapiga kelele kwa Kiswahili. Hilo nalo ni filamu, na haijapigwa.

Fidia nayo. Desemba 2017 mahakama ilisema deni la Lubanga kwa wahanga wake ni dola milioni 10. Ilionekana hana hata senti, kwa hiyo mzigo uliangukia mfuko wa wahanga na wafadhili wake. Machi 2020 alimaliza kifungo akatoka. Deni milioni 10, filamu takriban milioni 12. Naziweka namba hizi jirani tu, kila mtu afanye hesabu yake.

Vijana wa filamu nawaona mko wengi kule kushoto, na najua malalamiko yenu kuhusu bajeti. Ile ya Rwampara ilipigwa kwa kamera ya mkononi. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kasulu, imepokea Wakongo tangu 1996, na wamo humo watu waliowahi kudaiwa ule mchango: baba aliyetoa ng'ombe, mama aliyekimbia na watoto usiku ili asitoe chochote, na pengine aliyetoa mtoto. Hamtahitaji maandishi ya chini kwenye picha, wala Idris Elba. Mtahitaji vibali vya kuingia kambini, ambavyo vinasumbua, na subira ya kukaa na mtu mwezi mzima kabla hamjatoa kamera kwenye mkoba. Na mkipiga, andikeni jina la mahali. Andikeni mwaka. Mtu akikataa jina lake litajwe mfichieni, ni haki yake na ni usalama wake, lakini jina la kamanda aliyekuja kudai mchango msimfichie.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kipaza sauti cha maswali kiko kwa kijana mwenye shati la bluu pale mlangoni. Naomba swali moja moja, na wale wenye hotuba ndefu tutakutana nje kwenye kahawa. Yule mzee mwenye kofia alinyoosha mkono tangu nilipomtaja Ongwen. Karibu, mzee, anza wewe.